Baiskeli ya kwanza: Pima miguu ya mtoto kabla ya kuhesabu gia

Likizo ya Desemba ni msimu wa kudaiwa. Mtoto aliambiwa mwezi wa pili kwamba akifanya vizuri darasani atanunuliwa baiskeli. Mzazi akasahau, mtoto hakusahau. Sasa ripoti ya shule iko mezani na mwenyewe ameshachagua: anataka ile ya gia, yenye tairi pana na shokapu, kama ya mtoto wa jirani.

Swali la baiskeli hunijia kila mwisho wa mwaka, na karibu kila mara huja na sura ileile. Safari hii limeletwa na baba mmoja wa Morogoro. Binti yake ana miaka tisa, hajawahi kuwa na baiskeli yake mwenyewe. Wanaishi mtaa wa mwinuko wenye barabara ya vumbi na makorongo. Baba ametenga Sh200,000. Dukani amekuta mpya ya inchi 26, gia 21, shokapu mbele na nyuma, na muuzaji amemshauri aichukue kwa sababu mtoto ataikulia. Bei imezidi kidogo, lakini anaweza kukopa kiasi kilichobaki. Anauliza kama achukue.

Jibu langu kwake, na kwako wewe uliye njiani kwenda dukani, ni hapana. Na sababu ni ya kiafya kabla haijawa ya kifedha.

Aina aliyoichagua haina ubaya. Baiskeli za milimani zilianzia kwenye vilima vya California, Marekani, miaka ya 1970, na waliozibuni hawakuwa wakiifikiria mitaa yetu, lakini zinatufaa. Tairi pana lenye meno hupita kwenye mchanga wa Mbagala na kwenye makorongo ya Morogoro mahali ambapo tairi jembamba huzama au kuteleza. Tatizo ni ukubwa, na ile orodha ya vikorokoro ambavyo muuzaji huvisifia kwanza.

Wazazi wengi tuliokulia nao hununua vitu vya kukulia. Sare hununuliwa kubwa ikakunjwa pindo, viatu vikatiwa pamba mbele. Sare kubwa haimvunji mtu mkono, baiskeli kubwa inaweza. Mtoto ambaye miguu haifiki chini akitaka kusimama huanguka kwa ubavu, na mtoto ambaye vidole havifiki kwenye breki hasimami kabisa mpaka akutane na ukuta, mtaro au bodaboda.

Sasa uzito. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, WHO, mtoto wa miaka tisa ana wastani wa kilo 28 hivi. Baiskeli ya chuma yenye gia 21 na shokapu mbele na nyuma inaweza kufika kilo 15 au kupita. Yaani mtoto anaendesha kitu chenye uzito wa zaidi ya nusu yake. Mtu mzima wa kilo 70 angekuwa anahangaika na baiskeli ya kilo 37, na sidhani kama angeifurahia. Ukiona mtoto kanunuliwa baiskeli kisha anaisukuma zaidi ya kuiendesha, usikimbilie kumwita mvivu. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku, na baiskeli ni njia rahisi ya kuzipata, lakini ni kama mtoto ataipanda tena kesho.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Msimamishe mtoto peku, mgongo ukutani. Chukua kaunta buku, libane katikati ya mapaja, uti wake ukielekea juu, lipandishe taratibu mpaka ligote. Kisha kwa futi ya fundi cherehani pima kutoka sakafuni hadi juu ya uti huo. Huo ndio urefu wa miguu yake, na ndio utakaokusaidia dukani kuliko umri. Kama unataka iwe zawadi ya kushtukiza, mdanganye kwamba ni vipimo vya sare mpya.

Zile inchi zinazotajwa dukani ni kipenyo cha gurudumu. Kwa makadirio, inchi 20 humfaa mtoto mwenye kimo cha sentimita 115 hadi 135, inchi 24 kuanzia 130 hadi 150, na inchi 26 ni ya aliyepita 145 au 150. Wastani wa kimo cha mtoto wa miaka tisa ni sentimita 132 hivi, kwa hiyo binti wa Morogoro yuko kwenye mpaka wa 20 na 24. Ile ya 26 ni ya mtu mwingine kabisa, pengine ya mama yake.

Kwa sababu fremu hutofautiana, inchi peke yake haitoshi. Mtoto akisimama ameipanua miguu huku na huku ya bomba la juu la fremu, nyayo zote zikiwa chini, abaki na nafasi ya vidole vitatu hivi kati ya bomba na mwili wake. Halafu siti ishushwe mpaka chini kabisa, kisha akae. Anayejifunza anatakiwa afikishe miguu yote miwili ardhini akiwa amekaa. Kwa hiyo kama siti ikiwa chini kabisa bado ipo juu kuliko kile kipimo cha kaunta buku, rudisha, hata kama rangi imempendeza. Mwisho akunje usukani kulia na kushoto. Magoti yasigonge, na viwiko visinyooke kama anayesukuma mkokoteni.

Jaribio jingine nalipenda kwa sababu halihitaji kipimo chochote. Ilaze baiskeli chini, umwambie mtoto aisimamishe mwenyewe. Akishindwa, hiyo siyo yake.

Tuje kwenye breki, na hapa naomba usiwe na haraka. Mikono ya breki kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu imewekwa kwa kiganja cha mtu mzima hata kama baiskeli yenyewe ni ya mtoto. Mwambie akae, ashike usukani kama kawaida, kisha avute breki kwa vidole viwili bila kuhamisha kiganja. Wengi watashindwa. Mara nyingi kuna skrubu ndogo kwenye mkono wa breki karibu na mahali waya unapoingia, inayousogeza mkono huo karibu na usukani. Fundi anaijua, na ni kazi ya dakika mbili. Kama skrubu hiyo haipo na vidole havifiki, tafuta baiskeli nyingine.

Baada ya hapo ijaribu breki yenyewe. Vuta ya mbele huku unasukuma baiskeli mbele: gurudumu la mbele ligome, na la nyuma lianze kunyanyuka. Achia, vuta ya nyuma, sukuma tena: gurudumu la nyuma linatakiwa liburuzike bila kuzunguka. Kama linazunguka hata kidogo, raba zimeisha au waya umelegea au umeshika kutu. Hivi ni vitu vya bei ndogo kubadilisha, kwa hiyo visikukimbize, ila vibadilishwe kabla mtoto hajapanda, siyo wiki ijayo.

Angalia pia mkono upi unavuta breki ipi. Baiskeli za mtumba huja kutoka nchi tofauti, na nyingine breki ya mbele iko kulia, nyingine kushoto. Nyingine za watoto kutoka Ulaya hazina breki ya nyuma ya mkono kabisa. Husimama kwa kurudisha pedali nyuma. Zote hufanya kazi, lakini mtoto aliyezoea ya rafiki yake halafu akapanda ya kwake anaweza kuvuta ya mbele peke yake kwenye mteremko na kurushwa juu ya usukani. Mwoneshe, mwulize, mwulize tena kesho.

Gia sitazimalizia muda mrefu. Gia 21 maana yake ni meno matatu mbele na saba nyuma, mikono miwili ya kubadilisha, na mtoto wa miaka tisa anayejaribu kukumbuka upi ni upi wakati anatakiwa kutazama barabara. Kwa Dar es Salaam, ambako mitaa mingi ni tambarare, baiskeli isiyo na gia hata moja inamtosha mtoto anayeanza. Kwa Morogoro, Mbeya, Lushoto au Mwanza gia zina maana, lakini sita au saba za nyuma tu, na jino moja mbele, zinatosha kabisa. Ujue pia kwamba kile kimkono cha nyuma kinachohamisha mnyororo ndicho hugonga chini baiskeli ikiangukia upande wa kulia. Kikipinda, kinaweza kuingia kwenye spoki mtoto akiwa kwenye mwendo. Kila ikianguka vibaya, kitazame kwa nyuma kama bado kimenyooka.

Shokapu za bei nafuu nazo ni springi tu ndani ya bomba. Zinaongeza uzito, zinakula nguvu za mtoto anapokanyaga, na mtoto wa kilo 28 mara nyingi hana hata uzito wa kuzibonyeza vizuri. Tairi pana lililojazwa upepo wa kadiri linamlinda na mashimo kuliko hizo. Najua ndizo zinazompendeza. Sisemi ni rahisi kumwambia.

Mpya au mtumba? Kwa Sh200,000 mimi ningetafuta mtumba. Kwa bei ileile, mara nyingi utapata rimu, breki na fremu bora kuliko mpya ya dukani inayong’aa kwa stika. Lakini usiende peke yako. Chukua fundi wa mtaani kwako, mlipe muda wake, maana yeye ndiye atakayeitengeneza baadaye na anajua vipuri gani anavipata. Muulize kabla ya kununua kama tairi na tyubu za ukubwa huo zipo mjini kwenu. Muulize na mdomo wa kujazia upepo. Ukiwa mnene kama wa gari au pikipiki, kijana yeyote wa pancha ataujaza. Ule mwembamba utakupa safari za bure.

Nenda na sumaku ndogo. Ikinasa kwenye fremu, hiyo ni chuma, na chuma kikipasuka kinachomelewa. Isiponasa, ni aluminiamu, ambayo ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma, lakini ikiwa na ufa wowote iache palepale, maana si kila mchomeleaji anaiweza. Nyufa huanza kwenye maungio, hasa nyuma ya usukani na chini karibu na pedali. Pitisha kidole, usitegemee macho tu, rangi huficha mengi.

Zungusha kila gurudumu na utazame kama linayumba. Shika breki ya mbele na uitikise baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano kwenye shingo ya usukani, kuna kazi ya kukaza au gololi zimeisha. Fanya hivyo na mikono ya pedali. Halafu mwambie muuzaji apandishe na kushusha siti mbele yako. Bomba la siti likiwa limeganda kwa kutu, umenunua baiskeli ya kimo kimoja, na mtoto wako hatabaki kwenye kimo kimoja.

Kuna kitu kidogo ambacho wanunuzi hukipita na ambacho mimi, kwa kazi yangu, hukitazama kwanza: ncha za usukani. Ile mipira ya kushikia ikichakaa, bomba la chuma hubaki wazi mwishoni, kama kikombe chenye ukingo mkali. Mtoto akianguka huku usukani umegeuka, ncha ile humwingia tumboni. Madaktari wa upasuaji wa watoto wanalijua jeraha hili. Kwa nje unaweza kuona alama ndogo ya duara tu, au usione kitu, wakati ndani ini, bandama, kongosho au utumbo umeumia. Mpira mpya wenye ncha iliyozibwa ni kati ya vitu rahisi kuliko vyote kwenye baiskeli. Kama mtoto amejigonga tumboni na usukani, kisha analalamika maumivu yanayozidi, anatapika, amepauka au tumbo limekuwa gumu, mpeleke hospitali hata kama ni siku ya pili, na umwambie daktari kwamba ni usukani wa baiskeli. Dalili huweza kuchelewa.

La pili ni karia. Baiskeli hizi mara nyingi huja bila karia, na nakuomba usiiongeze. Mtoto mwenye karia atampakia mdogo wake siku hiyohiyo, na mguu wa mdogo mtu, unaoning’inia bila mahali pa kukanyaga, huingia kwenye spoki. Kisigino kilichosagwa na spoki huchukua wiki nyingi kupona, na wakati mwingine huhitaji kupandikizwa ngozi.

Kofia ngumu iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, isiwe ya hela ikibaki. WHO inasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mapitio ya tafiti 40 yaliyochapishwa mwaka 2016, yakihusisha zaidi ya majeruhi 64,000 wa baiskeli, yalionesha kwamba uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa mdogo kwa karibu asilimia 70 kwa waliovaa kofia. Hiki ndicho kitu pekee ambacho sikushauri kununua mtumba, kwa kuwa povu la ndani likishagongwa mara moja huwa limemaliza kazi yake hata kama kwa nje ni nzuri. Ya bodaboda nayo ni nzito mno kwa shingo ya mtoto. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni, na kamba ya kidevuni iache nafasi ya kidole kimoja au viwili.

Na kwa kuwa aliyeniandikia ana binti, nijibu na lile swali ambalo kina mama huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini. Hapana, baiskeli haimharibii msichana ubikira wake. Mwaka 2018 WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalieleza wazi kwamba hakuna uchunguzi wa kitabibu unaoweza kuthibitisha kama msichana ameshakutana na mwanaume au la. Siti yake iwe imelala sawa, isiinuke pua, na fremu ya bomba lililoshuka humrahisishia kushuka haraka, jambo ambalo hata mvulana anayejifunza analihitaji. Basi.

Kwa hiyo, baba wa Morogoro, ningezigawa hivi zile Sh200,000. Isizidi 140,000 kwa baiskeli yenyewe: mtumba, inchi 20 au 24 kadiri kaunta buku litakavyosema, gia za nyuma tu, bila shokapu au ya mbele pekee kama huna namna. Kiasi cha 30,000 ni cha fundi, raba na waya za breki, mipira ya usukani na grisi. Iliyobaki ni kofia. Bei hutofautiana kwa mji na kwa mdomo wa mnunuzi, lakini huo mgawanyo ungeulinda hata ungekuwa na nusu ya hela hiyo au mara mbili yake. Na hakuna sababu ya kukopa.

Magurudumu ya pembeni usinunue, hela yake ni bora iende kwenye breki. Mwambie fundi azifungue pedali zote mbili (ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na skrubu za kawaida, amateur wengi huiharibu hapo), ashushe siti, na mtoto ajisukume kwa miguu kwenye uwanja wa shule au wa mpira wenye mteremko mdogo. Akiweza kwenda hatua kadhaa miguu ikiwa hewani, balansi ameshaipata, pedali zirudi. Wapo wanaoweza kwa siku mbili, wapo wanaohitaji wiki. Barabarani bado, hata kama analia.

Wiki ya kwanza ikiisha irudishe kwa fundi akaze kila nati, kwa sababu baiskeli iliyofunguliwa na kufungwa upya hulegea. Kisha kila shule zinapofunga mpime tena kwa kaunta buku na upandishe siti kidogo. Kwenye bomba la siti kuna alama ya mwisho, mstari au maandishi yaliyochongwa. Usiivuke, bomba linaweza kuchomoka au kuvunjika akiwa juu. Siku siti itakapofika kwenye alama hiyo, baiskeli ni ya mdogo wake, au ya kuuzwa kwa mzazi mwingine anayedaiwa.